Tuta la Nani?

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji asubiri majira ya kuchipua. Theluji iyeyuke kwanza, udongo upate joto, ndipo achukue jembe. Mzinga, kata iliyo chini ya Milima ya Uluguru, pembezoni mwa mji wa Morogoro, haina theluji ya kusubiri. Tuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tuna vuli, mvua fupi za mwisho wa mwaka ambazo zinaweza kuja na zinaweza kutokuja. Katikati yake kuna miezi mikavu na yenye baridi kidogo, Juni hadi Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya bustani hasa. Kama tungelazimika kutafuta mwezi wetu wa kuchipua, ungekuwa Mei. Mvua inapungua, ardhi bado ina unyevu, mito bado ina maji, na ukungu unaoteketeza nyanya wakati wa masika unaanza kupungua nguvu.

Kwa hiyo anayetaka kula mboga za nyumbani mwezi Julai huanza kujiandaa mvua ikiwa bado inanyesha. Mwishoni mwa Aprili hutengeneza kitalu, akakiezekea kwa nyasi ili matone makubwa yasitawanye mbegu. Miche ya nyanya, ngogwe na pilipili hoho itakaa humo kwa wiki 3 hadi 4, au zaidi kidogo kwa hoho. Wakati huohuo hukusanya samadi na kuiacha ioze, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Hupanga nini kitangulia kuliwa: mchicha, unaosiwa moja kwa moja na kuvunwa ndani ya mwezi mmoja, chainizi na figiri, zinazofuata, sukuma wiki, ambayo ukiichuma kwa adabu hukulisha miezi kadhaa. Kisha huinua matuta. Tuta zuri la mboga lina upana wa mita 1 hivi, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo uliolainishwa. Na mahali penye mteremko, kama palivyo pengi Mzinga, tuta hulazwa kukinga mteremko, lisielekee unakoelekea mteremko. Ukilielekeza chini, mvua moja tu ya vuli itaondoka na samadi yako yote.

Ushauri huo wa mwisho hauna utata wowote. Mwalimu yeyote wa kilimo angeutoa, na anayeupinga angeonekana hajui kilimo. Lakini katika milima hii, ambayo mtu wa Mzinga huiona kila akiinua macho, kukinga mteremko kwa tuta kuliwahi kuwa amri ya serikali. Watu waliikataa amri hiyo, polisi wakaja na mabomu ya machozi na bunduki, na mtu mmoja akafa. Swali la jinsi jambo lililo sahihi katika kitabu cha kilimo lilivyogeuka kuwa sababu ya kifo ndilo limenifanya niandike makala haya.

Tuanze na mboga zenyewe, maana zinatuambia jambo kuhusu watu wa Uluguru ambalo maofisa wa kikoloni hawakulizingatia. Nyingi kati ya mboga tunazoziita za bustani ni wageni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakaanzisha mashamba na bustani kubwa kwenye misheni yao. Kutoka pwani walisogea bara, wakafika Morogoro na baadaye milimani, Matombo na Mgeta. Walipokwenda walibeba mbegu. Walowezi wa Kijerumani nao walipenda baridi ya Uluguru. Nyumba waliyoijenga Morningside, juu ya mji wa Morogoro, bado inatembelewa na wapanda milima. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na kuanzia hapo kabichi iliyolimwa mlimani ingeweza kuliwa pwani.

Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ndiko mabadiliko hayo yaliposhika mizizi zaidi. Kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vilipata hewa vinayoipenda, na wakulima wa Kiluguru wakavifanya vyao. Hakuna aliyewapiga faini ili wapande karoti. Waliona mbegu, wakaijaribu, wakaona soko, wakaongeza. Hawakuacha mnafu, mlenda wala majani ya kunde, mboga za Afrika ambazo hazikuhitaji misheni. Waliunganisha zote mbili. Hata maboga, mihogo na viazi vitamu, ambavyo majani yake leo tunayaona ni mboga za asili kabisa, vilivuka bahari kutoka Amerika karne kadhaa kabla ya mapadre. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wakulima wa milimani walikataa matuta kwa sababu hawapendi jambo jipya, mwoneshe kabichi ya Mgeta.

Sasa tuje kwenye amri. Katika miaka ya 1930, upepo ulipeperusha udongo wa mashamba katikati ya Marekani, na hofu ya mmomonyoko ikaenea katika himaya ya Kiingereza. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilianzisha miradi ya kuhifadhi udongo, na karibu yote ilitegemea kulazimisha watu. Nchini Kenya, mwaka 1948, wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta. Hapa Tanganyika kulikuwa na miradi ya namna hiyo Usambara, Usukumani, Mbulu na kwingine. Uluguru ilipata wake mwaka 1950: Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, uliokusudiwa kuendelea kwa miaka 10.

Sababu za serikali hazikuwa za kubuni. Mito inayoshuka Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo hunywesha Dar es Salaam. Udongo ukiporomoka mlimani, maji yanachafuka bondeni. Mpango ulipiga marufuku kuchoma moto mashamba, ulizuia kulima kwenye miteremko mikali na kandokando ya vijito, ukaagiza miti ipandwe. Na juu ya yote uliagiza matuta mapana, yale yanayoukata mlima kama ngazi kubwa, kila ngazi ikiwa na sakafu yake bapa ya kulimia. Kila mlipa kodi alitakiwa kuchimba sehemu yake. Asiyechimba alishtakiwa katika mahakama za machifu, ambao sasa walikuwa wasimamizi wa amri ya Mzungu mbele ya ndugu zao.

Wataalamu walisahau kwamba mlima huu haukuwa karatasi tupu. Mgeta kulikuwa tayari na namna yake ya kukinga mteremko: vingazi vyembamba ambavyo mkulima huvitengeneza kila msimu kwa kulaza magugu na mabua kukinga mteremko, kisha kuyafunika kwa udongo anaouvuta kutoka juu. Magugu yanaoza na kuwa mbolea, na udongo wa juu unabaki juu. Kazi hiyo inafanywa na mtu mmoja mwenye jembe, katika siku zilezile ambazo angelima hata hivyo.

Matuta mapana yalifanya kinyume chake. Ili kupata sakafu bapa kwenye mteremko mkali, lazima uchimbe ndani sana. Ukichimba ndani, unafukia udongo wa juu wenye rutuba na kuibua ule wa chini uliofifia. Upande wa mashariki, Matombo, ambako udongo si mnene na mvua ni kubwa, watu waliona mahindi yao yakidumaa juu ya matuta waliyoyachimba kwa jasho. Mtu yeyote aliyewahi kuinua tuta nyuma ya nyumba anaelewa jambo hili kwa mikono yake. Udongo mweusi unaoupata kwa jembe la kwanza ndio bustani. Ukiufukia chini ya ule mwekundu, umejipa kazi ya miaka kuurudisha kwa samadi.

Kulikuwa na tatizo la pili, gumu zaidi kuliona kwa macho. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Mtu aliweza kulima ardhi isiyo ya ukoo wake kwa kuazima, akitoa malipo madogo yaliyoitwa ngoto kwa mkuu wa ukoo wenye ardhi. Malipo hayo yalikuwa kumbukumbu kuliko kodi: yalimkumbusha kila mmoja ardhi ni ya nani. Katika utaratibu wa namna hiyo, unachokiweka ardhini kina maana. Mahindi ni ya msimu, yakivunwa yameondoka. Mti ni dai. Sasa tuta la kudumu, lililochimbwa kwa siku nyingi na mtu aliyeazima, ni nini? Mwenye ardhi angeweza kuogopa kwamba mwazimaji anajenga haki. Mwazimaji angeweza kuogopa kwamba akimaliza kuchimba, mwenye ardhi atalitaka tuta lake. Serikali haikuwa imewauliza wote wawili.

Na wote wawili waliogopa jambo la tatu. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru kutoka ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Baada ya habari hizo, ilikuwa vigumu kumshawishi mkulima yeyote kwamba serikali inayoamrisha ardhi ipimwe na kunyooshwa inafanya hivyo kwa faida yake.

Julai 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, hasira ilifika kilele Matombo. Umati ulikusanyika kupinga matuta, ukakabiliana na viongozi na polisi, na mtu mmoja akauawa. Kabla mwaka haujaisha, ulazima wa matuta ulikuwa umekwisha. Mwaka 1960 Mmarekani Roland Young na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia serikalini, walichapisha kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru ambacho kwa sehemu kubwa ni jaribio la kueleza nini kilitokea. Matuta mengi yaliachwa yakaota nyasi. Yaliyodumu zaidi yalikuwa Mgeta, kwenye mashamba ya mboga yenye kumwagiliwa, ambako sakafu bapa iliyashika maji na mkulima aliona faida yake sokoni.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: wananchi walikuwa sahihi, wataalamu walikosea. Lakini mlima haujali nani alishinda mwaka 1955. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa 3. Watafiti waliokwenda baadaye walihesabu zaidi ya maporomoko 1,000 ya udongo. Karibu yote yalitokea kwenye mashamba na nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Hofu ya maofisa wa kikoloni kuhusu udongo ilikuwa na msingi. Hawakukosea kuuona ugonjwa. Walikosea dawa, na walikosea zaidi kumshikilia mgonjwa kwa nguvu.

Serikali huru nayo haikuachana mara moja na tabia ya kuamrisha jembe. Baada ya ukame na upungufu wa chakula wa miaka ya 1973 na 1974, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwataka hata watu wa mijini walime. Shuleni, sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta bustani za wanafunzi. Wazo lilikuwa kwamba mtoto ajifunze kuheshimu kazi ya mikono. Lakini wengi wa kizazi chetu waliosoma shule za msingi za serikali wanaikumbuka bustani ya shule kama mahali pa kumwagilia ukichelewa namba. Jembe likishakuwa adhabu, huchukua muda mrefu kurudi kuwa chombo.

Ndiyo maana yaliyotokea Uluguru katika miaka ya 2000 yanastahili kutazamwa kwa makini. Kibungo, upande uleule wa mashariki uliokuwa na ghasia, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi ambao wakulima wa juu walilipwa na watumiaji wa maji wa chini, miongoni mwao DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, ili wachimbe matuta na kupanda miti. Hapo kazi ya kuhifadhi maji ya Dar es Salaam ilipewa bei, badala ya kuchukuliwa bure kwa amri. Na mwaka 2009, Towelo, kijiji kilicho juu ya mji wa Morogoro, ulianza mradi ulioitwa Bustani ya Tushikamane. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Janet Maro, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walifundisha mboji, matandazo, dawa za mimea badala ya sumu za dukani, na matuta. Ndiyo, matuta. Mwaka 2011 mradi huo ulizaa shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, ambalo leo linafundisha wakulima kutoka sehemu nyingi za nchi.

Tuta la Towelo na tuta la Matombo yanaweza kufanana kwenye picha. Tofauti iko kwenye mambo ambayo picha haioneshi. Towelo mkulima alianza na kipande kimoja kidogo, akaona mboga zake, ndipo akaongeza. Samadi na mboji viliingia pamoja na tuta, kwa hiyo udongo wa chini haukuachwa uchi. Na aliyetaka kuacha aliweza kuacha bila kupelekwa kwa hakimu.

Niliyafikiria haya kwa sababu ya bustani ndogo sana. Mimi ni mpangaji hapa Mzinga, na nyuma ya chumba changu kuna kipande cha ardhi cha hatua 6 kwa 9 kinachoteremka kuelekea mtoni. Nilipomwomba mama mwenye nyumba ruhusa ya kukilima, alikubali palepale. “Panda mboga, mwanangu,” alisema. “Miti tu ndiyo usipande.” Nikamwitikia, “Sawa, mama,” na kwa muda nilidhani anahofia mizizi itaharibu ukuta. Baadaye, nikisoma kuhusu ngoto, nilielewa kwamba huenda alikuwa ananieleza sheria ya zamani kuliko hati yake ya nyumba: cha msimu ni chako, cha kudumu kinaanza mjadala.

Sheria nyingine iko mtoni. Mto Mzinga ni mmoja wa mito inayoingia Bwawa la Mindu, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji wa Morogoro hutoka bwawani humo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mita 60 ni hatua zangu kama 80. Ukizihesabu kutoka ukingoni, unapita katikati ya mchicha, chainizi na matembele ya watu wengi, kwa sababu hapo ndipo penye maji wakati wa kiangazi. Kinamama wanaouza mafungu ya mboga asubuhi wanategemea ardhi hiyo. Na sisi tunaofungua bomba mjini tunategemea hiyohiyo isiporomokee bwawani, na sumu ya wadudu isifike humo. Ni ugomvi uleule wa mwaka 1950, umeshuka kutoka mlimani na kuingia mjini: aliye juu ana jembe, aliye chini ana kiu, na katikati kuna karatasi yenye kipimo.

Sina sheria bora ya kupendekeza kuliko hiyo, na sidhani kwamba ukingo wa mto uachwe huru kwa kila mtu. Maporomoko ya 1970 yananizuia kusema hivyo. Ninachokiona katika historia hii ni mpangilio wa maandalizi. Mpango wa Uluguru ulianza na kipimo cha tuta, ukafuata adhabu, na maswali yakaja mwishoni, kwenye kitabu, wakati mtu ameshakufa. Bustani inayofanikiwa huanza upande wa pili. Unauliza kwanza ardhi ni ya nani na ni kitu gani kinaruhusiwa kukaa juu yake. Unatazama mvua moja kubwa inashuka kupitia wapi. Unachimba shimo dogo kuona udongo mweusi una kina gani. Unahesabu mikono itakayolima na kumwagilia, maana tuta lisilo na mtu wa kulitunza ni mfereji unaosubiri mvua. Kipimo cha tuta kinakuja baada ya hayo yote.

Kwenye kipande changu, mteremko ni mdogo na udongo mweusi una kina cha kiganja kimoja tu. Nitaweka matuta 4 yanayokinga mteremko, ya chini chini, bila kuchimba ndani, na chini ya kila moja nitalaza majani makavu na magugu kama wanavyofanya Mgeta. Sehemu ya chini kabisa, inayoangalia mto, nitaiacha na nyasi zake ili zichuje maji. Juu kabisa patakuwa na kitalu cha nyanya na ngogwe. Mchicha na figiri vitatangulia, sukuma wiki itafuata. Miti sitapanda. Kuhusu hilo mwenye ardhi ameshasema.